Kabuti na Bei Yake

Kusifu yaliyopita ni desturi ya wanadamu, na desturi hiyo haina aibu maadamu sifa yenyewe ni ya kweli. Mtu aliyekula chumvi nyingi ana haki ya kupenda siku za ujana wake, kwani hakupewa nyingine. Walakini sifa ina wajibu kama deni lilivyo na wajibu: haina budi kulipwa, na malipo yake ni ukweli. Sifa isiyolipwa hugeuka kuwa uongo mtamu, na uongo mtamu ni mgumu kukanushwa kuliko uongo mchungu, maana kila ausikiaye hutamani uwe kweli.

Katika vilima vya Muleba, na katika mji wa Bukoba ulio kaskazini yake, sifa ya namna hii imekaa juu ya jambo dogo: maduka yaliyouza masalio ya jeshi baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwisha mwaka 1945. Wazee wakikutana matangani au penye lubisi, na mvua ikapiga migomba nje, mmoja wao hakosi kulitaja kabuti. Baada ya kabuti hufuata vingine: kaptula ya kaki, buti lenye misumari, shanta ya mgongoni, turubai, blanketi la kijivu, chupa ya maji ya bati na beleshi fupi la kuchimbia handaki. Hutajwa na harufu ya duka, harufu ya ngozi, mafuta ya taa na dawa ya nondo. Hutajwa mwenye duka aliyejua Kihaya cha sokoni na majina ya watoto wa wateja wake. Kisha huja hukumu, ambayo ni ileile siku zote: vitu vya siku zile vilikuwa vitu, na watu wa siku zile walikuwa watu, vya leo ni takataka, na watu wa leo wamefanana na vitu vyao.

Hukumu hiyo ndiyo inayopasa kupingwa. Haipingwi kwa sababu kabuti lilikuwa baya. Kabuti lilikuwa zuri. Hupingwa kwa sababu hukumu hiyo yasimulia kitu ikaacha bei yake, na biashara isiyotajwa bei si historia, ni ngano.

Haki ya kabuti itolewe kwanza. Ufuko wa magharibi wa ziwa Viktoria si nchi ya jua kali kama wasomaji wa pwani wanavyodhani. Ziwa lenyewe liko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Muleba viko juu zaidi. Bukoba hupata mvua ya kadiri ya milimita 2,000 kwa mwaka, ambayo ni karibu mara mbili ya ile ya Dar es Salaam. Mvua za masika zikianza mwezi wa Machi, ukungu hulala juu ya vibanja mpaka saa tatu, na mchungaji aliyeko rweya, katika majani matupu yasiyo na mti wa kujisitiri, hutetemeka kama aliye na homa. Wahenga walijifunika lubugo, nguo iliyofuliwa kwa nyundo kutoka katika gome la mti, na ngozi za ng'ombe. Kisha zikaja amerikani na kanzu. Lubugo ililowa, na kanzu haikuwa na joto. Kabuti la sufu nzito, lililofika chini ya magoti, lenye ukosi wa kuinuliwa mpaka masikioni, lilijibu haja ya kweli. Mchana lilikuwa koti, usiku likawa blanketi, na katika kilio likawa tandiko la waliolala nje. Yeyote asemaye kwamba wazee walilipenda kwa kuiga wazungu hajapata kulala matangani Kamachumu mwezi wa Aprili.

Basi swali si kama kabuti lilikuwa imara. Swali ni kwa nini lilikuwa imara, na kwa nini lilikuwa rahisi.

Lilikuwa imara kwa sababu halikushonwa kwa ajili ya mkulima. Lilishonwa kwa ajili ya mtu aliyepelekwa kusimama usiku kucha katika tope na theluji akiua au akiuawa, na serikali iliyomtuma haikuhesabu gharama ya nyuzi. Nguo ya soko hushonwa kwa kuangalia mfuko wa mnunuzi. Nguo ya vita hushonwa kwa kodi ya taifa zima. Lilikuwa rahisi kwa sababu hiyohiyo. Lilikwisha kulipiwa. Vita ilipokwisha, maghala ya majeshi yalijaa vitu visivyo na kazi, na kuvihifadhi kulikuwa hasara kuliko kuviuza kwa bei ya kutupa. Hivyo vikatawanywa duniani, na Tanganyika ikapata fungu lake.

Fungu lenyewe halikuwa la makabuti tu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilipoanza mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, ilileta matrekta yaliyonunuliwa katika masalio ya jeshi huko Ufilipino, na vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa mashine za kung'olea visiki. Matrekta yaliharibika, ardhi ya Kongwa ilishinda majembe, na mwaka 1951 mradi uliachwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Ni jambo la kufikiri kwamba masalio yaleyale ya vita, yaliposhikwa na wataalamu wenye ramani, yalileta hasara, na yaliposhikwa na mkulima wa kibanja yaligeuka kuwa joto la watoto wake. Hapo msifu wa zamani ana hoja, na hoja hiyo angeitumia kama angeijua. Lakini haijui, kwa kuwa amejifunga kuhadithia harufu ya duka.

Sasa bei. Bei ya kabuti haikuwa zile shilingi zilizohesabiwa juu ya meza ya duka. Shilingi zile zilikuwa salio tu la malipo. Malipo ya kwanza yalifanywa na watu, na wengi katika hao walikuwa watu wa nchi hii. Tanganyika ilitoa askari na watumishi wa jeshi wapatao 87,000 katika vita ile. Walipigana Uhabeshi mwaka 1941, wakatua Bukini mwaka 1942, wakafika Burma mwaka 1944, ambako divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw katika mvua, matope na malaria. Wako waliobaki huko. Waliorudi walipewa kiinua mgongo, na kiinua mgongo hicho hakikupimwa kwa cheo na urefu wa utumishi tu, kilipimwa kwa rangi ya ngozi pia. Mwafrika alipata sehemu ndogo ya kile alichopata mzungu wa cheo kilekile.

Msomaji na amfikirie mtu huyu. Ameshuka melini Bukoba na shilingi zake. Miaka minne amevaa kabuti la mfalme bila ya kulipa senti. Sasa ni raia. Mvua inanyesha Bukoba kama ilivyokuwa ikinyesha Burma. Na dukani limetundikwa kabuti lililo ndugu wa lile alilovuliwa. Anatoa sehemu ya ule ujira mdogo aliolipwa kwa kuhatarisha roho, ananunua nguo aliyokwisha kuilipia kwa roho hiyo. Haya si mambo ya kumlaumu mwenye duka. Yeye aliuza alichonunua. Wala si mambo ya kumfanya mzee aone haya kwa kulipenda koti lake. Lakini mtu atakayesimulia duka hilo kama bustani ya furaha, akaacha kumsimulia askari huyu mlangoni, amesimulia nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo nzito.

Zaidi ya hayo, Bukoba ilikuwa na hesabu nyingine na majeshi, iliyo ya zamani zaidi. Mwezi wa Juni mwaka 1915 majeshi ya Waingereza yalivuka ziwa kutoka Kisumu, yakawatoa Wajerumani Bukoba baada ya mapigano ya siku mbili, yakabomoa mtambo wa simu ya upepo, yakaupora mji, kisha yakapanda meli na kurudi. Miaka 30 baadaye mji ulioporwa na askari ukawa mnunuzi wa nguo kuukuu za askari. Mtoto aliyeuona moshi wa mwaka 1915 aliweza kabisa kuwa mteja wa mwaka 1947. Kwake yeye kaki ilikuwa na maana mbili. Kwa wajukuu wake wanaoikumbuka kwa kuambiwa, imebaki maana moja, nayo ni tamu.

Yapo na masimulizi ya mwenye duka. Hapa wasemaji hugawanyika makundi mawili, na yote mawili yamekosea. La kwanza humfanya Mhindi au Mwarabu wa duka kuwa baba wa kijiji, aliyekopesha kwa huruma na kungoja kwa subira. La pili humfanya mnyonyaji mtupu, aliyekalia meza akisubiri jasho la wengine. Kundi la kwanza lisome sheria ya mwaka 1931 iliyobana mikopo kwa Waafrika. Kwa sheria ile, mfanyabiashara aliyemkopesha Mwafrika bila ya idhini hakuweza kudai deni lake mahakamani. Serikali ilisema inamlinda mwenyeji asizame katika madeni; matokeo yake yalikuwa kumfungia mwenyeji mlango wa mkopo wa halali na kumwachia mkopo wa chini ya meza. Asiye na fedha kabla ya mavuno alibaki na njia za rehani na maafikiano ya siri, na katika nchi ya kahawa njia hizo zina jina lake: butura, yaani kuuza kahawa ingali maua mtini kwa bei ya mwenye njaa. Serikali za kila zama zimepambana na butura, nayo haijafa. Kwa hiyo huruma ya dukani ilikuwa na daftari, na daftari lilikuwa na meno.

Lakini kundi la pili nalo lijiulize: kama duka lilikuwa unyonyaji mtupu, mbona kufungwa kwake hakukuleta neema? Vyama vya ushirika vya kahawa vya Bukoba vilivyoungana mwaka 1950 vilimpa mkulima sauti katika bei ya zao lake, na hilo ni tendo la heshima katika historia ya Wahaya. Kuuza nguo na sabuni kijijini kulikuwa kazi nyingine. Aprili 1971 majengo makubwa ya kupangisha yalitaifishwa nchini kote, na Wahindi wengi wakahama. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, iliyofunga maduka ya watu binafsi vijijini ili nafasi yao ichukuliwe na maduka ya ushirika. Ushirika haukuwa tayari, rafu zikabaki na vumbi, na operesheni ikalegezwa mwaka uleule. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka, Novemba 3 daraja la Kyaka likavunjwa, na watu wa kaskazini ya mto Kagera wakakimbilia kusini na walichoweza kubeba. Vita ilipokwisha mwaka 1979 nchi ilikuwa haina fedha za kigeni, na miaka iliyofuata ilikuwa ya foleni, kibali na magendo. Kufikia hapo duka la makabuti halikuhitaji kufungwa na mtu. Halikuwa na cha kuuza, na rangi ya kaki katika Kagera haikuwa tena rangi ya baridi tu. Hata kuta za zamani za Bukoba zilizobaki kusimama zilipata ufa, na nyingine zikaanguka, katika tetemeko la Septemba 10, 2016.

Basi duka halikuuawa na watu wa leo kukosa adabu, kama wasifu wanavyodai. Liliisha kwa sababu zinazohesabika: sheria, siasa, vita na umaskini. Kijana wa Muleba aliyezaliwa mwaka 2000 hana hatia katika hata moja.

Na kijana huyo ndiye anayedharauliwa zaidi. Siku ya gulio yeye hununua koti katika rundo la mitumba, akalipekua mfuko na pindo, akapatana bei, akaondoka nalo. Mzee humtazama akasikitika, akasema kwamba taifa limeshuka hata kuvaa matambara ya wazungu. Maneno hayo yana uzito, na si ya kubezwa. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuondoa mitumba katika nchi zao. Marekani ikatishia kuzinyima nafasi ya soko lake. Nchi moja baada ya nyingine ikarudi nyuma, isipokuwa Rwanda, ambayo mwaka 2018 iliondolewa nafuu ya ushuru kwa nguo zake. Mtu anayeona uchungu kwa habari hizo ana akili timamu. Lakini mdomo uleule unaotukana mtumba ndio unaolisifu kabuti, na hapo ndipo mantiki inapokatika. Kabuti lilikuwa nini, kama si mtumba? Lilivaliwa na mwingine, au lilishonewa mwingine, likakataliwa kwao, likaletwa kwa meli, likauzwa kwa mtu ambaye kiwanda cha nchi yake hakikuwa na uwezo wa kumvika. Wazee wenyewe, katika siku ambazo ulimi wao ulikuwa mkali kuliko kumbukumbu zao, waliziita nguo kuukuu za Ulaya kafa Ulaya, yaani nguo za waliokufa huko. Jina hilo lilikuwa na ukweli zaidi ya sifa zote zilizofuata. Aliyelitunga alijua bei.

Wako wasomi watakaosema kwamba mambo haya hayastahili karatasi za chuo kikuu. Watasema historia ni ya watemi na magavana, fasihi ni ya tenzi na riwaya, na duka la makabuti ni porojo za vibarazani. Jawabu lao limo katika Kiswahili chenyewe. Kabuti ni neno lenye ndugu katika Kireno, Kifaransa na Kiitalia. Kaki latokana na jina la vumbi katika Kiajemi, likapita India na vikosi vya Waingereza kabla ya kufika huku. Buti ni la Kiingereza. Maneno haya yamesafiri pamoja na vitu, na vitu vilisafiri pamoja na majeshi. Yalipofika yakapewa ngeli na wingi, yakaingia katika mahari, urithi na kesi za baraza. Mwanafunzi anayechunguza tenzi za karne ya 19 kwa miwani, akashindwa kueleza kabuti la babu yake lilitoka wapi, amesoma mbali akapofuka karibu. Tena tenzi zimeandikwa, haziendi popote. Mnunuzi wa mwaka 1947 aliyekuwa na umri wa miaka 20 angekuwa leo na umri wa karibu miaka 100. Hakungoji tena ruzuku ya utafiti.

Hata kabuti lenyewe limo hatarini. Sheria ya Tanzania humkataza raia kuvaa sare za majeshi, na Agosti 24, 2023 Jeshi la Wananchi lilitoa siku saba kwa wenye mavazi ya kijeshi kuyasalimisha. Katazo hilo ni la haki, maana wahalifu wamejificha ndani ya sare na kuwadhulumu watu. Lakini mjane aliye na koti la mumewe sandukuni, lililoliwa na nondo, lililobaki na vifungo viwili vya shaba, hajui tofauti kati ya sare ya leo na salio la vita ya mwaka 1945, na hakuna aliyemweleza. Mwenye hofu huchoma. Chuo kikuu kinachojiita mlinzi wa utamaduni kilipasa kuwa kimekwisha kufika kwake kwa adabu, kikaliandika koti, kikaandika na jina la aliyelivaa, kikamwelekeza jinsi ya kulihifadhi katika makumbusho kwa njia ya halali. Kulaumu dola ni rahisi. Kutembea mpaka Muleba ndiyo kazi.

Kwa hiyo wasifu wa zamani wasinyamazishwe. Waulizwe. Mzee anaposema koti lilikuwa imara, aulizwe liligharimu shilingi ngapi, na shilingi hizo zilikuwa kilo ngapi za kahawa. Anaposema mwenye duka alikuwa mwema, aulizwe rehani ilikuwa nini, na ilikombolewa lini. Anaposema baba yake alirudi kutoka Burma, aulizwe nani hakurudi. Maswali hayo hayataiharibu kumbukumbu yake. Mtu anayekumbuka kwa kweli hufurahi kuulizwa, na aghalabu majibu yake huwa mazuri kuliko sifa zake.

Kabuti lilikuwa na joto, na joto lile lilikuwa la kweli. Anayetaka kulikumbuka duka alikumbuke lote: mlango na harufu, meza na mizani, daftari la madeni, na mtu aliyesimama nje katika mvua akihesabu kiinua mgongo chake kabla ya kuingia.